Jiwe la Msingi na Kijito cha Kinu

Kamati yoyote ya jubilei ya kanisa la kijijini inaujua ugomvi huu. Mwenyekiti anashikilia kwamba kanisa lilianza siku mwinjilisti alipopiga magoti chini ya mwembe. Katibu anasema hapana, lilianza siku lilipopata mchungaji na daftari la washirika. Kuna bibi amekaa nyuma, hajaombwa maoni, anasema mama yake alibatizwa kabla ya hizo tarehe zote mbili. Mwishowe mwaka mmoja unachongwa kwenye jiwe la msingi, jina la mgeni rasmi linachongwa kubwa kuliko huo mwaka, na mjadala unafungwa kwa pilau.

Kule Silver Bluff, kando ya mto Savannah katika kaunti ya Aiken, jimbo la South Carolina, pilau hiyo haijaliwa mpaka leo, maana bado watu wanagombea kanisa la kwanza la Wamarekani Weusi ni lipi. Hapo pana ushirika wa Kibaptisti wa Wamarekani Weusi, kanisa la shamba kwelikweli, ambao kumbukumbu zao za ibada zinarudi hadi 1750. Wanahistoria wengi wanaliweka kanisa lenyewe kati ya 1773 na 1775. Mjini Savannah, First African Baptist nao wanasema 1773 ni yao. Petersburg, Virginia, wana 1774. Wapo pia wanaosema wote hao wamechelewa, maana kulikuwa na ushirika wa watumwa kwenye shamba la William Byrd, Virginia hiyohiyo, mnamo 1758. Mwaka 1922 mchungaji Walter H. Brooks aliandika makala ndefu kuitetea Silver Bluff, na hoja zake bado zinarudiwa kila ugomvi unapofufuka.

Mimi naona wanagombea kilicho kidogo. Uanzilishi una utamu wake, na watu walionyang'anywa kila kitu wana haki ya kudai tarehe yao. Lakini ukiisoma Silver Bluff kwa kuulizia mwaka tu, unalikosa jambo lenyewe: kwamba watumwa wa shamba moja walipewa nafasi ndogo ya kusali, wakaigeuza kuwa nafasi ya kujiendesha, na siku ya kuondoka ilipofika hawakutoroka mmojammoja kama watoro wengine. Waliondoka kama ushirika.

Tunayajua haya kwa sababu mmoja wao alisimulia. Mwaka 1793 David George, mchungaji Mweusi aliyekuwa amefika Uingereza, alikaa na wachungaji wawili wa Kibaptisti, John Rippon wa London na Samuel Pearce wa Birmingham, akawaeleza maisha yake, nao wakayachapisha. Ni simulizi la mtu mzima anayekumbuka, tena mbele ya wenyeji wa Kizungu waliotaka kusikia habari za wokovu. Msomaji alichukue kwa akili. Hata hivyo ni nadra sana kumsikia mtu wa karne ile, aliyezaliwa utumwani, akisema "mimi" kwa kinywa chake.

Alizaliwa Essex, Virginia, yapata 1742. Baba yake John na mama yake Judith waliletwa kutoka Afrika. Bwana wao aliitwa Chapel, na David hakumtafutia maneno laini: mtu mbaya sana kwa Weusi. Kaka yake alipokamatwa baada ya kutoroka alitundikwa mtini, akachapwa viboko mamia, kisha mgongo ukaoshwa kwa maji ya chumvi. David naye alichapwa hadi damu ikatiririka kiunoni. Lakini anasema kilichomuumiza kuliko vyote ni kumwona mama yake akichapwa, na kumsikia akiomba huruma akiwa amepiga magoti. Akatoroka. Aliishi miongoni mwa Wacreek, taifa la wenyeji wa asili wa Amerika, akashikwa, akaishi miongoni mwa Wanatchez, taifa jingine la wenyeji hao, na mwishowe akaangukia mikononi mwa George Galphin, mfanyabiashara wa ngozi mzaliwa wa Ireland aliyekuwa na makao makubwa Silver Bluff.

Huko alioa, mkewe akiitwa Phillis. Hakuwa mtu wa dini. Siku moja porini, Mweusi mwenzake aliyeitwa Cyrus, mgeni kutoka Charleston, akamwambia wazi kwamba akiendelea kuishi hivyo hatauona uso wa Mungu. Halikuwa hubiri, ni mtu kumwambia mwenzake kando ya njia. Neno lile likamkaa, asipate usingizi.

Kisha akaja George Liele, kijana aliyekuwa mtumwa huko Georgia, ambaye David alimfahamu tangu utoto wake. Alihubiri, na andiko lake msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa: "Njoni kwangu, ninyi nyote msumbukao na wenye kulemewa na mizigo." Wengi wetu tumelisikia andiko hilo kwenye misiba na mikutano ya injili mpaka limekuwa kama wimbo, halitugusi tena. Sasa lifikirie likisemwa kwa watu wanaobeba marobota ya ngozi za paa mchana kutwa, na hata mabega yanayobeba ni mali ya mtu mwingine. David alimfuata baadaye akamwambia kwamba hubiri zima lilikuwa lake.

Mhubiri Mzungu, Wait Palmer, aliyetoka mbali kaskazini huko Connecticut, ndiye aliyekuja kuwabatiza. Jumamosi jioni aliwasikiliza kila mmoja akieleza Mungu alivyomtendea. Kesho yake akawazamisha maji mengi katika kijito kilichoendesha kinu cha Galphin. Walikuwa wanane. Palmer akawaunda kuwa kanisa, akawapa meza ya Bwana, na David akawekwa kuwa mzee wa kanisa.

Hapo kwenye kinu nataka tukae kidogo. Maji yaliyoendesha kinu cha bwana kwa siku sita yalitumika siku ya saba kuwatia watu wake jina lisilo la bwana. Galphin aliruhusu, na hatuna sababu ya kumpamba kwa hilo. Alikuwa na watumwa zaidi ya mia, na utajiri wake ulitoka kwao na kwa biashara na Wacreek. Mtu wa namna hiyo huruhusu kitu baada ya kupiga hesabu. Huenda aliona watumwa wanaosali hawatasumbua. Sheria ya South Carolina ya 1740, iliyotungwa mwaka mmoja baada ya uasi wa watumwa wa mto Stono, ilikuwa imekwisha kupiga marufuku kuwafundisha watumwa kuandika. Ndani ya uzio huo, ibada ilionekana kitu chepesi.

Hapa ndipo wale wanaosema dini ilikuwa kasumba wanapopata nguvu, na si watu wa kupuuzwa. Kuna mahubiri mengi ya karne hiyo na iliyofuata ambayo kazi yake ilikuwa moja: mtii bwana wako, usiibe kuku, utakula mbinguni. Kama Silver Bluff ingekuwa hivyo tu, nisingeiandikia makala.

Yaliyofuata ndiyo yanayonizuia kukubali hoja hiyo nzimanzima. Vita vya Wamarekani kujitoa kwa Uingereza vilipokaribia, wahubiri wa Kizungu walikatazwa kwenda kwa watumwa, na David anaitaja sababu bila kuzungusha: walihofiwa watawapa Weusi maarifa kupita kiasi. Marufuku ilikusudiwa kuukata ushirika mzizi. Ikazaa kinyume. Palmer alipozuiwa, anasema David, usimamizi wote ukawa wake. Aliyehubiri alikuwa mtumwa, na wenye kupokea washirika wapya, kuwaonya waliokosea na kuwafariji wagonjwa walikuwa watumwa. Mwenye shamba alifunga mlango wa nje, waliokuwa ndani wakagundua ufunguo wanao wao.

Na kusoma je? Hapa pana kitu ninachokipenda kuliko vyote katika simulizi lile. David alikuwa na kitabu kidogo cha silabi. Watoto wa Kizungu wa pale shambani wakamfundisha a-be-che. Walimpa somo, akajaribu mwenyewe, akarudi kwao kuuliza kama amepatia. Mtu mzima mwenye mke na watoto, kiongozi wa kanisa, amechuchumaa mbele ya mtoto wa Kizungu akisahihishwa. Anasema kusoma kulimzunguka kichwani mpaka akahisi anajifunza hata usingizini, na kwamba baadaye aliweza kuyaona katika Maandiko yale aliyokuwa nayo moyoni. Mpangilio huo si wa bahati mbaya. Kilichokuwamo moyoni kilitangulia, kitabu kikaja kuthibitisha. Mtu aliyeipata dini yake hivyo ni vigumu kumwambia kwamba Biblia ni ya bwana naye anaazimwa tu.

Kutoka wanane wakafika thelathini na zaidi.

Desemba 1778 Waingereza waliiteka Savannah. Tangu 1775 gavana wao wa Virginia alikuwa ameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme, na Galphin alikuwa upande wa waasi. Akakimbia. Ndipo David, Phillis, watoto wao wawili na watu wengine hamsini au zaidi wa shamba lile wakashika njia kuteremka na mto hadi Ebenezer, yalikokuwa majeshi ya mfalme. Hamsini, na huenda wengine walikuwa hawajawahi kuvuka mipaka ya shamba. Kukusanya watu wote hao, kukubaliana siku, kuaminiana kwamba hakuna atakayekwenda kusema: hayo hayazuki asubuhi moja. Yanahitaji watu waliozoea kukutana, kunyamaza inapobidi, na kumsikiliza mtu waliyemchagua. Hiyo ndiyo shule waliyokuwa wameisoma Jumapili baada ya Jumapili, wakati Galphin akidhani wanaimba tu.

Uhuru wenyewe ulikuwa mchungu. Mjini Savannah David alifungua bucha. Mji ulipozingirwa mwaka 1779, risasi ya mzinga ilipasua paa la zizi walimokuwa wakiishi, wakahamia chini ya sakafu ya nyumba ya watu. Akashikwa na ndui, akadhani anakufa. Phillis akawa anafua nguo za Jenerali Clinton, na kwa hako kadogo alikokapata wote wakala. Simulizi linampa Phillis sentensi chache tu, kama kawaida ya wachungaji wanaosimulia, lakini bila mikono ile kwenye beseni la nguo hakuna mchungaji, hakuna safari, hakuna historia.

Waliposhindwa vita, Waingereza waliwachukua Weusi waliokuwa upande wao. Wapatao 3,000 wakapelekwa Nova Scotia, kwenye baridi ya Kanada ya leo. David alitangulia wengi wao. Alifika Shelburne, mji uliokuwa ukifyekwa msituni, na usiku wa kwanza akaanza kuimba katikati ya miti. Weusi wakaja kutoka karibu na mbali. Kanisa likasimama tena, na safari hii na Wazungu wachache waliotaka kubatizwa ndani yake, jambo lililowaudhi wengine. Julai 1784 askari waliokuwa wameachishwa jeshi, wenye hasira na Weusi waliofanya kazi kwa ujira mdogo, walikuja na kamba na vyuma vya meli wakazipindua nyumba zao. Yake ikiwemo. Akaendelea kuhubiri. Wakaja usiku wakasimama mbele ya mimbari wakiapa watakavyomfanya. Akabaki, akahubiri, na kesho yake wakampiga kwa fimbo na kumfukuza hadi kwenye kinamasi. Jengo la ibada likageuzwa kilabu cha pombe, na mwenye kilabu akajigamba kwamba yule mzee Mweusi alitaka kupafanya hapa mbinguni, yeye atapafanya jehanamu.

Aliporudi alihubiri humohumo kama zamani.

Januari 1792 meli 15 ziliondoka Halifax zikiwa na Weusi karibu 1,200 kuelekea Sierra Leone, chini ya John Clarkson. David anasema karibu Wabaptisti wake wote walikwenda. Walipofika mahali pa mji mpya wa Freetown, Jumapili ya kwanza alihubiri chini ya tanga la meli. Wiki kadhaa baadaye wakasimamisha nguzo ardhini, wakalaza fito juu, wakaezeka nyasi. Msomaji aliyekulia kijijini Singida au Kilifi analiona banda hilo bila kuonyeshwa picha. Kutoka kijito cha kinu hadi fito na nyasi ilikuwa imepita karibu miaka kumi na minane, mabara mawili, na jengo lisilopungua moja lililonajisiwa. Mchungaji alikuwa yuleyule.

Pwani yetu inagusana na habari hii kwa mbali lakini kweli. Chama cha misheni cha Kianglikana, CMS, kilianza kazi yake Sierra Leone mwaka 1804, na miaka sabini na mmoja baadaye, mwaka 1875, kikaanzisha Freretown karibu na Mombasa kwa ajili ya waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yao ndiyo iliyopaacha pale Kengeleni na jina lake. Mfano wa Sierra Leone ulikuwa machoni mwa waliopanga Freretown. Tofauti nayo ni kubwa. Freretown ilipangwa na wamisionari, kukiwa na ratiba, kazi na adhabu kutoka juu. Watu wa David George walishuka Freetown na kanisa lao mkononi, wakiwa wamekwisha kulizika na kulifufua mara mbili. Kampuni ya Kiingereza iliyoendesha koloni ilikuta watu wasiosubiri kupangiwa.

Ila nisije nikamgeuza David George malaika. Freetown ilipokuwa na miezi michache tu, Thomas Peters, Mweusi mwenzake aliyevuka bahari hadi London kuwaombea watu wake haki, aligombana na Clarkson kuhusu nani anawasemea walowezi. David alisimama na Clarkson. Peters akafa mwaka huohuo, akiwa ameshindwa. Waliomhukumu David kwa hilo wana hoja: mtu aliyeishi chini ya ulinzi wa Galphin huenda alizoea kumtafuta mkubwa wa kumlinda. Mimi naona pia uchovu wa mtu aliyeng'olewa nyumba mara nyingi mno na sasa anataka paa libaki juu ya nguzo. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ushirika unaofundisha watu kusimama pamoja unaweza pia kuwafundisha kusimama nyuma ya gavana.

Matawi mengine yalikwenda kwingine. Liele aliondoka na Waingereza akafika Jamaica mwanzoni mwa 1783, akiwa na deni la nauli, akaanzisha kanisa Kingston. Hiyo ni miaka kumi kabla William Carey, anayeitwa baba wa misheni za kisasa, hajatia mguu India. Shule nyingi za Biblia bado zinafundisha kwamba injili ya Kiprotestanti ilianza kuvuka bahari na Carey. Liele hakutumwa na chama wala hakuchangiwa na mtu. Alikuwa akikimbia asirudishwe utumwani, na popote alipotua alihubiri. Kabla ya kuondoka alimbatiza Andrew Bryan huko Savannah, ambaye baadaye alichapwa yeye na waumini wake hadi damu kwa kosa la kukusanyika, na kanisa lake ndilo linalogombea mwaka 1773 mpaka leo.

Yupo Jesse, mmoja wa wale wa kijitoni, ambaye hakupanda meli. Alirudi Silver Bluff, akiwa chini ya Thomas, mtoto wa Galphin, na ifikapo miaka ya 1788 hadi 1792 alikuwa amewakusanya tena waliobaki huku akizunguka kuhubiri sehemu tatu nne za mashambani. Jina lake pia liko kwenye mizizi ya kanisa la Springfield mjini Augusta, linalohesabu mwaka wake kuwa 1787. Katika jengo la Springfield, mwaka 1867, ilianza shule ndogo ya kuwafundisha walioachiliwa huru. Shule hiyo ikahamia Atlanta, ikaja kuitwa Morehouse, na mwaka 1948 ikamhitimisha Martin Luther King Jr.

Najua wengine wangeishia hapo kwa King, kwa sababu inapendeza. Lakini waliobaki shambani wananisumbua zaidi. Kwao hapakuwa na tanga wala Freetown. Baada ya njama ya uasi wa watumwa ya Denmark Vesey ya 1822, jengo la kanisa la Weusi Charleston lilibomolewa. Mwaka 1834 South Carolina ikakataza hata kuwafundisha watumwa kusoma. Katika majimbo ya kusini watumwa walizoea kusali vichakani usiku, na wazee waliohojiwa katika miaka ya 1930 bado walikumbuka chungu cha chuma kilichopinduliwa mdomo chini karibu na mlango, wakiamini kitameza sauti za maombi zisimfikie mzungu wa doria. Hawakuwa na daftari la washirika. Ambaye angeandika jina lake kwenye daftari la namna hiyo alikuwa anajiandikia viboko.

Ndiyo maana kumbukumbu inayorudi hadi 1750 hainichekeshi kama inavyowachekesha wenye hati. Hati zinaanza Palmer alipofika, kwa kuwa Palmer alikuwa mtu wa kuhesabiwa. Kabla yake Cyrus alikwisha kusema neno porini, na Cyrus mwenyewe alikuwa ameambiwa na mtu fulani huko Charleston. Katika wale wanane wa kijito cha kinu, David George anataja wachache tu kwa majina. Mkewe na Jesse ni miongoni mwao. Waliobaki walisimama majini nao, wakaloa, wakatoka, na Jumatatu kinu kikaendelea kusaga.